Hudson ya Milango Minne

Truchas, 9 Septemba 1983

Mdogo wangu Mino,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima wote isipokuwa mbwa, aliyepigana na nungunungu akashindwa. Pilipili zimeiva, na vidole vyangu vinawaka tangu Jumatatu kwa kuzifunga mafungu na kuzitundika ukutani, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usidhani nimezeeka. Mume wangu Tranquilino anakusalimu. Bado yuko kwenye kazi za barabara na bado anakoroma. Vipi Fresno? Vipi gereji? Umepata mtu wa kukupikia, au bado unakula vya kwenye makopo?

Sasa kaa chini. Baba haoni.

Nilikuwa nakuandikia kwamba macho yake yamechoka kidogo, kwa sababu sikutaka ufikiri nakuvuta urudi nyumbani kwa hila. Ukweli ni kwamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote mpaka mwisho ili nisijue kwamba amekosea. Juzi alilisalimia sanduku la barua akidhani ni jirani yetu Doña Delfina, akaliuliza hali ya magoti. Daktari wa Española anasema kule hospitali ya Albuquerque wanapasua jicho na baada ya siku chache mtu anaona vizuri. Lakini baridi inayokuja isiishe kabla hajapasuliwa, maana presha itapanda ndani ya jicho, na hapo hata akipasuliwa na malaika hataona tena.

Unamjua baba. Nilipombana sana, akaniambia nimpeleke kanisani Chimayó. Nikafurahi, nikadhani anakwenda kuomba nguvu. Alipiga magoti mbele ya sanamu ya Mtoto Mtakatifu, akawasha mshumaa, halafu akaweka nadhiri kwa sauti ambayo kanisa zima liliisikia: "Sitapita tena mlango wa hospitali ile, ila nifike kwa gari lililompeleka Ramoncita wangu."

Nikamnong'oneza, "Baba, gari lililompeleka mama uliliuza. Na aliyelinunua alilichinja, akauza vipuri."

"Basi lolote la aina hiyo. Hudson ya mwaka arobaini na tisa, milango minne."

"Zimekwisha duniani hizo, baba."

"Ndiyo hivyo," akasema, akajikung'uta magoti. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda karata.

Padre amesema anaweza kumfungua nadhiri hiyo hata leo. Baba amekataa kufunguliwa.

Najua hamjasemezana tangu wiki ya mazishi ya mama, miaka minne sasa. Mino, sikuombi umsamehe. Nakuomba gari tu. Wala usipige simu dukani, maana pale kila mtu anasikiliza.

Dada yako,
Eufelia


Fresno, 2 Oktoba 1983

Dada Eufelia,

Nimefurahi kusikia habari zenu, na huyo mbwa mpe pole, aache ubabe. Mimi niko salama. Joto la huku bado linachoma. Bosi ameniongezea kazi na hajaniongezea kingine chochote. Hakuna wa kunipikia. Makopo nayo yana faida zake, hayaulizi umetoka wapi.

Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya gari, ikaniangukia usoni. Kwa nini hukusema mapema? Sanduku la barua, dada! Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka.

Sasa nikueleze ukweli wa hiyo Hudson. Baba hakuchagua kwa bahati mbaya. Yeye ni mtu wa magari, anajua. Hawa vijana wetu wote, kuanzia Española mpaka Los Angeles, wanataka gari la milango miwili tu, walishushe chini, walipambe, watembee nalo polepole Jumapili. La milango minne wanaliita gari la bibi. Kwa hiyo kila waliyoiona, waliichinja: vioo vikaenda kwenye ya milango miwili, nikeli ikaenda, taa, usukani, viti. Miaka ishirini wamechinja gari za bibi. Leo nenda yadi yoyote ya vyuma chakavu uulize Hudson ya milango minne, watakuonyesha paa lake limekuwa banda la mbuzi.

Nitaitafuta. Natafuta kwa ajili yako, tuelewane. Mtu aliyeuza gari nililojifunzia kuendesha, kaburi la mama halijakauka, bila kuniuliza, na tena kwa mchinjaji, sina deni naye.

Mino


Truchas, 14 Oktoba 1983

Mino wangu,

Barua imefika na tumshukuru Mungu kwa hilo. Theluji ya kwanza imeanguka usiku ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Tumechinja nguruwe. Doña Delfina amesikia habari ya sanduku la barua na amelipelekea chungu cha maharage, akalikaribisha chakula. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Lakini ananyemelea kuta sasa. Anatembea na kiganja ukutani. Jana alikaa barazani akageuza uso upande milima ilipo, akaniuliza, "Imeshakuwa myeupe?" Nikasema bado kidogo. Akasema, "Utaniambia."

Nakuandikia haya ili ujue ninavyoishi. Ya kaburi na mchinjaji sitayajibu. Tafuta.

Eufelia


Fresno, 5 Novemba 1983

Dada,

Wazima? Hapa wazima. Nimeweka tangazo kwenye gazeti la wapenda magari ya zamani na nimepokea barua kutoka kila kona ya nchi. Mmoja amenitumia picha ya Hudson safi kabisa, ila ni picha ya mwaka 1953, gari lenyewe lilizama mtoni. Mwingine ana Hudson isiyo na mbele. Mwingine ana hiyo mbele, lakini hawafahamiani.

Sikiliza sasa. Kuna mzee mmoja jangwani Barstow. Kwenye simu nilimuuliza, "Milango minne?" Akasema, "Minne, bwana, minne!" Nimeendesha siku nzima. Nimefika nikakuta milango miwili. Nikamwuliza, mingine iko wapi? Akafungua buti, akafungua boneti, akasema, "Hesabu mwenyewe." Nilitaka kumpiga, kisha nikaangalia lile gari. Dada, ni zima. Mwaka arobaini na tisa. Linawaka. Unakumbuka Hudson ilivyo: gari jingine unapanda, Hudson unashuka, sakafu iko chini ya kizingiti kama chumba cha chini cha nyumba. Hili nalo unashuka vilevile, na harufu ni ileile.

Mzee wetu haoni. Mpitishe mlango wa mbele, mwambie ya nyuma imekwama kwa baridi. Akishafika Albuquerque na kupasuliwa, ataona mwenyewe kwamba ni miwili, na atakuwa na macho ya kunikasirikia nayo. Unasemaje? Huyu bwana atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Mino


Truchas, 15 Novemba 1983

Mino,

Salamu zako tumezipata, Tranquilino ana mafua, nami nimelala vibaya kwa sababu yako.

Nilitaka kusema ndiyo. Niliandika "ndiyo" kwenye karatasi, nikaichoma jikoni. Kumbuka siku ile ya hospitali. Mama alijilaza kiti cha nyuma, na baba ndiye aliyemfungulia mlango wa nyuma, akamshika mkono. Unafikiri akilifikia gari atatafuta mlango gani kwanza? Ataupapasa. Akikuta bati tupu atarudi ndani na kuketi, na hapo hakuna atakayemwinua tena.

Halafu kuna Mtoto Mtakatifu. Nadhiri aliiweka baba, na aliiweka kwa ujanja, najua. Lakini aliiweka. Mimi siwezi kumdanganya mtu mbele ya Mtoto Mtakatifu, hata mtu mwenyewe akiwa mjanja kama baba yetu.

Mwambie mzee wa Barstow akawauzie wanaojua kuhesabu vibaya. Wewe endelea. Muda unatuishia, Mino. Daktari alimwangalia tena Jumanne na hakupenda alichokiona.

Eufelia


Truchas, 20 Desemba 1983

Mino,

Hujajibu. Nimeandika mara mbili katikati hapa, barua zote mbili zimerudi. Nilipiga simu gereji kutoka dukani, kijiji chote kikisikiliza, na bosi wako akaniambia uliomba ruhusa ukaondoka, hajui ulikokwenda. Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie kwamba umekasirika. Kama umerudia chupa, niambie hivyo pia, nimeshawahi kusikia mabaya zaidi. Sijamwambia baba chochote. Ananiuliza, "Posta imefika?" kama anaulizia hali ya hewa.

Kesho tunapanga kuni za kuwasha mbele ya kanisa usiku wa Noeli. Zako nitaziwasha mimi.

Dada yako anayekuogopea,
Eufelia


Karibu na Winnemucca, Nevada, 3 Januari 1984

Dada yangu mpendwa,

Mwaka mpya mwema kwako, kwa Tranquilino, kwa mbwa. Nisamehe. Si chupa. Naapa kwa mama, si chupa. Ni theluji, na posta iko mbali, na barabara ilifungwa, na nilikuwa sitaki kuandika kabla sijajua. Sasa barabara imefunguliwa, nimempigia bosi, na barua ya Desemba amenitumia kutoka Fresno. Niliisoma nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Ipo, dada. Mwaka arobaini na tisa, milango minne. Nimeifungua yote, nikaifunga, nikaifungua tena.

Iko kwenye banda la mama mmoja mjane, jina lake Thelma Ostergaard, mrefu kuliko mimi, anafuga kuku. Kuku ndio wenye gari. Wanataga kiti cha nyuma. Nilipofika hakunikaribisha, alisimama mlangoni na ndoo.

"Wewe ni wa wale wa kuchinja?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Wote husema hapana. Mwaka juzi alikuja mmoja, kijana mpole kama wewe, ana msumeno ndani ya gari."

"Baba yangu haoni," nikamwambia. Sijui kwa nini nilianzia hapo. Nikamweleza yote: nadhiri, Mtoto Mtakatifu, mama kwenye kiti cha nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo mkononi. Yeye si mtu wa dini yetu, hata hakutikisa kichwa.

"Mume wangu alilileta hapa likitembea lenyewe," akasema. "Litatoka hapa likitembea lenyewe. Ukija na gari la kulivuta, nafunga banda."

Basi niko hapa tangu mwisho wa Novemba nalitengeneza. Nalala chumba cha zana, nakula mayai. Nakula mayai, dada, siwezi kukueleza ni mangapi. Redieta nimeziba, breki nimefanya upya, kabureta linapumua. Linawaka! Ila haliendi. Klachi imenata, haiachii. Unajua klachi ya Hudson si kama za wengine, ina vizibo kama vya chupa ya mvinyo vinavyolowa mafuta, na hakuna fundi hapa aliyewahi kuiona. Nikikosea nitaiua, na nyingine haipatikani.

Muulize mwenye kujua.

Mino


Truchas, 12 Januari 1984

Mino wangu, mdogo wangu, mpuuzi mkubwa,

Nilikaa chini kwenye theluji pale pale posta nikalia. Doña Delfina akadhani umekufa, akaanza sala. Ilibidi nimkatishe. Mungu akubariki, na huyo mama mrefu, na kuku wake wote. Sisi ni wazima.

Huyo "mwenye kujua" ana jina, lakini sawa. Nilimsomea kipande cha klachi peke yake.

"Nani anauliza?" akasema.

"Fundi mmoja yuko Nevada."

"Fundi gani hajui klachi ya Hudson?"

"Mwanao, baba."

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, polepole. Halafu akasema, "Basi lipo."

"Lipo, baba. Milango minne."

Mino, nilitegemea atakasirika kwamba tumemnasa. Hakukasirika. Uso ulimshuka, mikono ikaanza kutafuta kitu mezani na hapakuwa na kitu. Akasema, "Mama yenu aliingia hospitali ile akitembea kwa miguu yake." Basi. Miaka yote hii mimi nilidhani ni ubishi. Ni woga, mdogo wangu. Nikamshika mkono, akaniachia niushike, na unajua hapendi.

Baadaye akajifuta uso, akaniambia nichukue kalamu, naandika kama alivyotamka: "Asiifungue. Azungushe injini mpaka kizibo cha chuma kionekane, amwage mafuta ya zamani. Atie mafuta ya taa kidogo, aliwashe, akanyage na kuachia, akanyage na kuachia, kisha ayamwage. Arudie mpaka yatoke safi. Halafu atie mafuta ya gia ya otomatiki na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, yasizidi kikombe kidogo cha kahawa. Akizidisha itateleza. Asiwe na haraka. Na mlimani asishikilie gari kwa klachi, kama alivyofanya siku ile Las Trampas, akaniunguzia."

Nikauliza, "Kuna jingine la kumwambia?"

Akafikiri. "Mwambie ale kitu kingine zaidi ya mayai."

Sikuwa nimemsomea habari za mayai. Inaonekana Tranquilino husoma barua zangu na mdomo wake hauna kufuli.

Eufelia


Winnemucca, 6 Februari 1984

Dada,

Salamu kwa wote, naandika nimesimama. Imeachia! Mwambie imeachia. Nilifanya kama alivyosema, mara ya kwanza yakatoka meusi, ya pili meusi, ya nne yakatoka safi, nikakanyaga, nikatia gia, likaondoka bandani taratibu kama linakwenda kanisani. Mama Thelma alitembea pembeni yake mpaka barabarani, kiganja juu ya paa. Kuku mmoja amekataa kushuka. Mama Thelma amesema nimchukue.

Nitapita njia za bondeni, sitalikimbiza. Mpigie daktari umwambie aandae kitanda. Nakuja nalo mwenyewe.

Mino


Truchas, 4 Machi 1984

Mino wangu,

Natumaini basi lilikufikisha Fresno salama na bosi amekupokea bila maneno. Kuku wako anataga kila siku, mbwa anamwogopa. Tranquilino amepona mafua. Nakuandikia kwa moyo mweupe, sina hata uzito mmoja kifuani, na sijui lini mara ya mwisho nilisema hivyo.

Bado nakumbuka ulivyoingia uani na sisi wote tumesimama. Baba na kofia yake ya mazishi. Alivyolizunguka gari akilipapasa, akihesabu vitasa kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne. Alivyofungua mlango wa nyuma, akashuka ndani, akakaa, akavuta pumzi. Nilidhani atataja jina la mama. Akasema, "Kuku."

Halafu akauliza, "Rangi gani?" Ukanitazama. Mimi niliyekuandikia mambo ya kutodanganya, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Kijani, baba. Kama letu." Nawe ukanyamaza. Akasema, "Vizuri," akatoka, akaenda kuketi mbele, pembeni yako. Kutoka hapa mpaka Albuquerque mlizungumza klachi tu. Nilikuwa nyuma, nikasikia kila neno. Na pale mlangoni hospitalini alishika mkono wa koti lako na hakuuliza ruhusa ya mtu.

Sikupenda uondoke kabla ya bandeji kutolewa, lakini kazi ni kazi. Haya, sikia. Nesi aliifungua polepole. Baba akafumba, akafumbua, akamtazama nesi, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi muda mrefu. Akasema, "Eufelia, umezeeka." Nikalia na kucheka pamoja, wagonjwa wengine wakaniangalia. Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa jambo baya hivyo.

Tranquilino alimrudisha kwa gari hilohilo, kumekuwa giza, hakuliona vizuri. Leo asubuhi alimimina kahawa, akatia sukari, akaitazama ikizama. Akatoka barazani akaiangalia milima, imekuwa myeupe yote. Halafu akateremka uani. Mimi nikajificha jikoni. Nikachungulia dirishani, nikamwona amesimama mbele ya gari, mikono nyuma, hasogei. Amerudi ndani sasa hivi. Amekaa mezani, amenyoosha mkono, anataka kalamu.

Mwandiko unaofuata si wangu.


Mino,

Jana usiku nilisoma barua zako zote. Dada yako alizificha kwenye kopo la unga, na sasa naona mpaka chini ya unga.

Gari ni jekundu. Jekundu lililopauka, na mlango mmoja wa kijivu. Mmenidanganya, yeye kwa mdomo na wewe kwa kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili mbele ya Mtoto Mtakatifu na nimeona hana neno, maana nadhiri yangu haikutaja rangi.

Lile letu sikuliuza kwa kukosa kukuthamini. Kila nilipofungua mlango wa nyuma nilimwona mama yenu. Ningekuambia hivyo wakati ule, sikuweza.

Ghalani ninalo kopo moja la rangi yake ya kijani, nililibakiza. Limeganda juu, chini bado ni zuri. Halitoshi gari zima. Tafuta jingine la rangi hiyohiyo uje nalo Pasaka. Usilitume kwa posta, lilete mwenyewe.

Jicho la pili wanapasua baada ya hapo. Utanipeleka.

Baba yako,
Abenicio Sandoval